Makubadhi Mlangoni pa Nyumba ya Marumaru

Alikuwako katika zama zilizopita Sultani Nuumani bin Daghari, mwenye kuutawala mji wa Zahrani, na binti yake wa pekee, Luluwa, akashikwa na homa isiyosikia dawa, na matabibu wakasema hana zaidi ya siku saba, ila aletewe jani la shifaa, nalo huota nchi ya kaskazini iliyo kimya na huchumwa alfajiri tu. Akatumwa mfanyabiashara Jauhari, mtu wa shaka kupita kiasi; ukimwambia sabalkheri, hujiuliza una lako gani. Na mimi simlaumu, dunia ina mengi.

Siku ya tatu, alasiri, akawasili, na ikambidi achague pa kulala. Nyumba zilikuwa mbili tu: moja ya marumaru, yenye mazulia na harufu ya udi, na nyingine kibanda cha udongo cha mjane aitwaye Zuwena.

Juu ya lango la marumaru alitua ndege aitwaye hudihudi, akasema kwa ufasaha: "Karibu, ewe Jauhari mtukufu. Miaka mia tunapokea wageni, na hapana hata mmoja aliyetoka akilalamika."

Jauhari hakuwa amemtajia mtu jina lake. Hata hivyo akainama avue makubadhi, kama ilivyo adabu ya mgeni, na hapo akaona jozi arubaini zimepangwa kizingitini, zote zimeelekea ndani, na utando wa buibui juu yake.

"Wenyewe wako wapi?"

"Wamepumzika."

"Basi wasiamshwe," akasema Jauhari, akaondoka kinyumenyume, na mle ndani jini mwenye nyumba akanguruma kwa hasira, wala hakuweza kuvuka kizingiti.

Kwa Zuwena akaeleza shida yake, lakini akakataa kuvua makubadhi, na uji akautazama tu.

"Kaka yangu," akasema Zuwena, "umemkimbia jini, unakuja kuniogopa mimi na uji?" Akanywa yeye kwanza, nusu bakuli. Jauhari akanywa kidogo, kisha akaketi mlangoni ajilinde asilale.

Lahaula! Kukesha kukamchosha, usingizi ukamwiba, akazinduka jua limekwisha kupanda. Alfajiri imepita. Zuwena hayupo. Akapiga kelele kuwa ameibiwa, kumbe alikuwa anamlilia Luluwa, maana aliona amemuua kwa mkono wake.

Zuwena akatokea kilimani, miguu imelowa umande, na jani mkononi. "Nilikuamsha ukanisukuma," akasema. "Nikaona niende mwenyewe."

Jauhari akaona haya, akamwomba radhi, akalipokea jani na kushika njia ya Zahrani. Siku ya saba Luluwa akapona, na Sultani akampa Jauhari dhahabu na jumba mjini. Dhahabu akaipokea, jumba akaliacha, akaomba ruhusa arudi kaskazini akamwoe Zuwena.

Nasi twasema: shaka ni ya kuvaliwa njiani, na kwa mtu mwema huvuliwa. Siku ya harusi Zuwena akataka kuonja uji kwanza, na Jauhari akamshika mkono, akaunywa wote. Makubadhi yake yalikuwa nje, mlangoni.