Homa Isiyokuwamo Kwenye Kipimo

Hapo zamani, ingawa waliozika bado wako hai, katika kijiji kimoja cha Upare waliishi Senzota, mkewe Nambua, na binti yao wa pekee, Nakijwa, wa miaka tisa. Kijiji kilikuwa karibu kutangazwa kuwa hakina tena malaria.

Nakijwa akashikwa na homa. Ikamtetemesha, ikampumzisha siku mbili, ikarudi. Senzota akambeba hadi zahanati. Nesi Namsifu akamtoboa kidole, akatazama kipimo.

"Hana malaria, baba Nakijwa."

Homa ikampumzisha siku mbili, ikarudi. Wakaenda tena.

"Hana malaria."

Miezi ikapita hivyo. Siku moja Elinami, mpimaji wa maabara, akaiweka damu ya mtoto kwenye darubini. Akaona vijidudu vichache, vya malaria ya aina nyingine. Akaandika ripoti, akampelekea mwenyekiti wa kijiji, Kajiru. Kajiru akaisoma, akaifungia kabatini. Sherehe ya kutangaza ushindi dhidi ya malaria ilikuwa imekaribia.

Ngoma zikapigwa, wageni wakahutubia. Nakijwa akavimba uso, akavimba miguu. Malaria ile ilikuwa imeharibu figo. Katika hospitali ya wilaya wakagundua ni malaria, wakampa dawa, lakini alikuwa amechelewa kufikishwa. Akafa.

Makaburini, Senzota akashika chepe.

"Aliyemuua mwanangu asitie udongo hapa."

Nesi Namsifu akalia. "Kipimo nilichopewa kinatambua malaria ya aina moja tu, na sikuambiwa. Lakini mtoto alitetemeka mbele yangu, nami nikaamini kipimo."

Elinami akasema, "Mimi niliviona vijidudu. Tulifundishwa kwamba aina ile ni nadra, wala haiui. Nikaandika, nikadhani nimemaliza kazi. Sikuja kwako."

Kajiru akasema, "Niliogopa, ndugu yangu. Wafadhili wangesema tumeshindwa, wakatuacha. Nikafikiria watoto wote wa kijiji. Wako sikumfikiria."

Senzota akamgeukia mkewe amkabidhi chepe. Nambua akarudi nyuma.

"Usinipe, baba Nakijwa. Waliposema hana malaria, nilimwambia anadeka. Nilimpeleka shule akitetemeka. Aliniambia, 'Mama, kweli naumwa,' nikamchapa."

Jeneza lilikuwa chini, shimo wazi, na Senzota amesimama na chepe mkononi, hana wa kumpa.

Je, ninyi mnaonisikiliza, chepe lingekuwa mikononi mwenu, nani mngemnyima udongo wa Nakijwa?