Mfuko wa Aproni ya Mwanamvua

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya wafalme wala majini, ni ya juzi tu cherehani zilipokuwa za kuzungusha kwa mkono, alikufa mwanamke akiitwa Siwema. Aliacha mume, Shomari, na mtoto wa kike wa miaka minne, Mwanamvua. Msiniulize alikufa kwa nini. Watu hufa.

Siku ile mtoto alikaa mlangoni. Akaona wanawake wanaingia chumbani na ndoo za maji. Akauliza, "Wanamfanya nini mama?" Akaambiwa, "Wanamwosha." Mama akaoshwa, akatolewa, hakurudi. Jambo hilo likamkaa mtoto kichwani, wala hakuna mkubwa aliyejua kwamba limekaa.

Nguo za marehemu zikagawiwa sadaka. Mgeni, dada yake Shomari, akaficha kipande kimoja cha kanga, urefu wa kiganja mpaka kiwiko, kile alichojifunga Siwema kichwani siku zake za mwisho. Hakukifua. Alikitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga fundo, akauweka sandukuni. Mtoto akikataa kula, analetwa kwa shangazi, fundo linafunguliwa.

"Nusa, mwanangu. Nani huyu?"

"Mama."

"Haya, kula."

Anakula. Akikataa kulala, fundo linafunguliwa.

"Nusa. Nani huyu?"

"Mama."

"Haya, lala."

Analala. Mwaka ukaisha hivyo. Sura ya mama yake aliisahau. Msinitolee macho, mtoto mdogo husahau. Harufu hakuisahau.

Shomari akaoa tena. Mama wa kambo jina lake Asumini, na nyinyi mliokwisha kubinua midomo irudisheni, maana hakuwa mbaya. Alimkalisha mtoto jikoni pamoja naye, akamfundisha kuchambua mchele na kukamua tui. Gauni la mtoto likawa madoa matupu. Asumini akasema, "Nitakutengenezea aproni, uwe unafunga kifuani." Kitambaa kipya hakuwa nacho. Akakusanya vipande: kaki ya kaptura, kitenge, pazia lililochanika upande. Akavipanga mkekani. Vikatosha mwili, vikatosha na kamba za kufungia shingoni na kiunoni. Mfuko ukakosa kipande.

Mwanamvua akasema, "Mfuko mtie mama."

Asumini akaenda kwa Mgeni.

"Hodi, wifi."

"Karibu. Leo umeishiwa nini, chumvi au kiberiti?"

"Mtoto anataka kile kipande kiwe mfuko wa aproni yake."

Mgeni akalitazama sanduku. Kile kipande ndicho kilichokuwa kikimleta mtoto kwake. Kikitoka, nani atamfuata mwanamke asiye na mume wala mtoto? Mwisho akafungua sanduku. "Chukua chote. Ameshakuwa wako." Neno la kusema kisifuliwe lilikuwa limemfika kooni. Akalimeza. Hakuulizwa, hakusema.

Asumini akampelekea Bi Mkejina, fundi wa mtaa.

"Shikamoo, bibi. Nishonee aproni ya mtoto. Mfuko uwe hiki."

"Marahaba. Hiki kichakavu? Cha nini hiki?"

"Mtoto kakipenda tu."

Alilionea haya jina la marehemu. Watu wangesema mke mpya anakatakata nguo za mke wa kwanza. Aliulizwa, hakusema.

Bi Mkejina alikuwa na desturi yake ya miaka arobaini. Vipande vya nguo mbalimbali aliviloweka kwanza, maana kimoja kikifuliwa hurudi, yaani hupungua, kikirudi kinavuta vingine, na nguo nzima inakunjamana kama uso wangu huu. Akakishika kile cha kanga, akakisogeza puani. Mafuta ya nazi, jasho, ugonjwa. Akajua hiki ni cha mtu. Asumini hata kona alikuwa hajaikata, angeitwa angegeuka. Fundi hakumwita. Alichukua sabuni ya mche, akasugua, akasuuza maji matatu, akaanika juani, akapiga pasi ya mkaa. Akashona. Na mshono ulinyooka, tusimdhulumu.

Aproni ilipokuwa tayari aliileta mwenyewe, naye Mgeni akaja kutazama. Mtoto akavalishwa, akafungwa kamba, akapigiwa vigelegele. Akauinua mfuko, akajifunika nao usoni. Akanusa. Akaugeuza ndani nje, akanusa tena. Ilikuwa sabuni.

Akawatazama wote watatu.

"Nani kamwosha mama tena?"

Mtoto akaivua aproni, akaikunja, akaenda kukaa nayo mlangoni, palepale pa siku ile.

"Aliyemwosha," akasema, "mimi sitaki anilishe."

Wanawake wakatoka wakaenda uani, wakaanza kulaumiana.

Mgeni akasema, "Mwaka mzima nimemlinda Siwema maji yasimguse. Nikakukabidhi wewe, wifi, hata siku mbili hukumaliza!"

Asumini akasema, "Ulinikabidhi umefunga mdomo! Na mimi ndoo sikuishika. Nilitaka amvae mama yake kifuani, asiwe anakwenda kumnusa sandukuni kwa ruhusa ya mtu."

Bi Mkejina akasema, "Msinitazame. Mimi fundi, si mpiga ramli. Mngeniambia ni cha marehemu, ningekishona vivyo hivyo, kijikunje kitakavyo."

"Kwani pua hukuwa nayo?" Mgeni akamuuliza.

"Nilikuwa nayo. Ndiyo maana nikafua."

Hapo kila mmoja akaenda kutafuta cha kumlisha mtoto.

Asumini akapika uji, mtoto akauliza, "Ni wewe?" Ndoo hakuishika, lakini "si mimi" hakuthubutu kuisema, bakuli likarudi. Mgeni akaleta ndizi, akaulizwa, "Ni wewe?" Ndizi zikarudi. Bi Mkejina akaleta mkate wa kumimina, naye akaulizwa. Mkate ukarudi. Siku ya kwanza hivyo, siku ya pili hivyo, na Shomari yuko safarini. Siku ya tatu mtoto hakuweza tena kukaa wima. Aliegemea mwimo wa mlango, aproni mapajani, anangoja jina.

Mmoja lazima aende amwambie, "Ni mimi, mwanangu." Akishasema, wawili watamlisha, na yeye hatapokewa tena hata tonge mkononi mwake.

Haya, nyinyi mnaojua kila kitu, uji unapoa. Je, kati ya hao watatu, nani alistahili kwenda?