Njaa Isiyovuka Mkeka

— Paukwa!
— Pakawa!
— Mmeitika kama wageni waliopewa chai bila sukari. Paukwa!
— Pakawaaa!
— Chungu?
— Jikoni!
— Mwiko?
— Mkononi!
— Na mimi?
— Mlangoni, unanusa!

Haya, mmeshanijua. Nimezunguka nchi za watu mpaka viatu vikaniomba talaka, na kila nilikofika niliijua njia ya jikoni kabla ya njia ya kisimani. Kwa hiyo hadithi ya chungu niachieni mimi.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji mlimani, na kijiji kile kilitawaliwa na Jamvi. Jamvi ndilo lililokuwa baraza la wateule. Wala msidhani waliteuliwa ovyo! Huyu alijua mipaka ya mashamba yote tangu mababu. Yule alipatanisha ndugu waliotoana damu. Watu wakasema: wajuao wakae, wasiojua walime. Basi hawa wakakaa, wale wakalima.

Ngoma ya Jamvi ilipolia, ndi! ndi! ndi!, kila nyumba ilipeleka kibaba cha unga. Unga ukasongwa ugali, wateule wakala nyuma ya ukuta wa mikeka, maana haikuwa adabu mtu wa chini kumwona mkubwa akitafuna. Nyumba isiyopeleka kibaba iliitwa nyumba iliyozimika moto. Nani anataka jina hilo?

Katika Jamvi alikuwamo Mzee Mbonea. Ah, Mbonea! Meno yalikwisha kumhama, kicheko hakikuhama. Mwanawe alikuwa mbali, amepeleka mifugo kutafuta majani. Nyumbani akabaki mzee, mkaza mwana wake Nakijwa, na mjukuu wake mdogo, Naetwe.

Mvua ikakataa. Mwaka wa pili ikakataa tena. Mawe ya kusagia yaliyokuwa yakiimba kwaru-kwaru-kwaru sasa yakaguna: kwa... ru. Ghala la kijiji lilijaa mtama wa akiba, lakini wa kuamuru lifunguliwe ni Jamvi peke yake.

Ndi! ndi! ndi!

Nakijwa akakung'uta kibuyu. Akakwangua jiwe. Akakipata kibaba.

"Mama, huo wa nani?" Naetwe akauliza.

"Wa Jamvi, mwanangu."

"Na wetu?"

"Wetu unakuja."

Siku hiyo zamu ya kusonga ilikuwa ya Nakijwa. Msongaji haonji wala hasemi. Anasonga, anapakua, anapiga magoti pembeni, nje ya mikeka. Akasikia yote.

"Kuna maneno huko chini kwamba watu wana njaa," akasema Semboja, mkuu wa Jamvi, huku akimega tonge.

"Njaa ipi?" akadakia mwenzake. "Chungu si hiki? Kila nyumba imeleta. Mwenye njaa atautoa wapi unga?"

"Hapo umenena. Ghala lisifunguliwe mpaka msimu ujao."

"Lisifunguliwe!" wakaitikia wote. Hata Mbonea akaitikia, tonge shavuni.

Je, walikuwa wapumbavu? Hata! Waliwaza kama wajuao: unga umekuja, basi unga upo. Hawakujua kwamba kila kibaba kilikuwa cha mwisho nyumbani kwake. Nakijwa ulimi ulimwaka. Lakini kusema mbele ya Jamvi ni mwiko, na kumwambia baba mkwe kwamba chungu cha nyumba yake ni kitupu, heri afe kwa haya. Akamaliza kupakua, akaenda zake nyumbani.

Huku nyuma, Jamvini, maji ya kunawa yalikuwa yamekwisha. Mtu akatumwa mtoni, na maji ya mto yalishakuwa mbali kwa ukame. Wenzake wakangoja. Mbonea akachoka kungoja, akarudi nyumbani na mikono yake hivyo hivyo.

Naetwe hakumkimbilia kama siku zote. Alikuja polepole, ameshika ukuta. Akaupokea mkono wa babu, akaunusa. Akalamba kidole. Akalamba kingine, taratibu, kama mwanakondoo.

"Babu, mkono wako umekula."

Mzee akacheka. Kicheko kikakatika njiani. Akambeba mtoto: mwepesi, ungo mtupu.

"Nakijwa, leo mmekula nini?"

"Tumeshiba, baba."

"Sikuuliza kushiba. Nimeuliza mmekula nini."

Basi mzee akafanya jambo ambalo mwanamume wa kijiji kile hakulifanya: akaingia jikoni. Akafunua chungu hiki. Akafunua kile. Akakaa chini majivuni.

"Nimemla mjukuu wangu," akasema. "Tonge kwa tonge."

Akainuka akatoka mbio, mbio za kizee, teke-teke-teke! Nakijwa nyuma, mtoto mgongoni. Akafika Jamvini, maji ndiyo kwanza yanaletwa. Akakinyakua kibuyu cha maji, akakikumbatia.

"Leo hakuna kunawa! Nendeni nyumbani hivyo hivyo."

"Mbonea," akasema Semboja, "utoto umekurudia?"

"Umenirudia, ndugu yangu, tena umerudi na njaa. Mimi ndiye mkubwa wenu kwa umri, na sijawahi kuwaomba kitu ila ugoro. Leo naomba hili."

Wakacheka, wakaenda, mikono mbele kama waliobeba mayai. Nakijwa akasimama njiani akisikiliza. Mlango huu ulifunguka kwa vicheko, ukanyamaza. Ule nao ukanyamaza.

Kwa Semboja hapakuwa na mtoto mdogo. Palikuwa na mkewe, bibi kizee mwenzake. Akaushika mkono wa mumewe kama anayeamkia, akauweka puani, akakataa kuuachia.

"Mama, unafanya nini?" akauliza Semboja.

"Nakumbuka mtama," akasema bibi.

Jua halijazama, Jamvi likaamuru, mlango wa ghala ukalia krrraa!

Vijana waliposikia habari hiyo wakaja kwa hasira na vijinga vya moto. "Jamvi na liungue, na wenyewe wafukuzwe!"

"Mikeka chomeni," akasema Mbonea. "Watu waacheni. Kesho mkigombania mpaka wa shamba mtamwuliza nani? Wajuao wakae. Ila kila mmoja ale kwanza kwake, kilichomo chunguni mwake, ndipo aje kukaa. Nanyi mliotoa kibaba cha mwisho ili msisemwe, mlituziba macho kwa mikono yenu wenyewe."

Nyumbani, Nakijwa akateleka chungu. Mzee akaja akakaa karibu na mafiga.

"Baba, wanaume hawakai jikoni."

"Basi niite mgeni." Akatazama moto. "Mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Wewe baba mkwe, tena mtu wa Jamvi. Ni mikeka miwili hiyo."

Mzee akasogeza kuni. "Sasa imeungua yote. Haya, niambie."

"Nikuambie nini?"

"Lolote."

Nakijwa akamtazama usoni, mara ya kwanza tangu aolewe.

"Baba, toa mkono chunguni. Ugali haujaiva."

Wakacheka, Naetwe katikati yao, mpaka moshi ukawatoa machozi. Tuseme ni moshi.

Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mimi naongeza kidogo tu: hamjui hata anapoula unga wa huyo huyo mwenye njaa. Hadithi yangu imekomea hapo, na anayetaka zaidi akasonge.