Sange na Kisima cha Kamba Moja

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika na kufagia kama sisi, alikuwapo Sange. Ni mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia. Alikuwa na watoto wanne na kibuyu kimoja, na mwaka ule wa ukame alikuwa amechoka mpaka kwenye kucha.

Mto ulikuwa mbali kaskazini. Njia ya kurudi ilipita kwa Tembo, kwa Nyati, kisha kwa Kifaru, ndipo ishuke kusini kwenye mawe alikoishi yeye. Wakubwa wale hawakwenda mtoni. Walikaa milangoni wakimsubiri.

"Bi Sange, hebu pitia hapa," husema Tembo. Fyooo, nusu ya kibuyu imekwisha.

"Mzee Tembo, watoto wangu hawajanywa."

"Na mimi hapo nimekunywa? Nimelowanisha ulimi tu."

Nyati hupiga mafunda mawili, kisha huona haya, akamshikia kibuyu ili apumue kidogo. Kifaru hana haya. Gubu, gubu, gubu. Sange akifika kwake amebeba matope. Mdogo wa watoto, Mashavu, siku hizo hata kulia alikuwa ameacha.

Chini ya ardhi ya bonde walimoishi maji yalikuwapo kila mahali, ila udongo ulikuwa mgumu kama tofali. Vidole vya Sange vingefanya nini? Wenye nguvu walikuwa wale watatu, nao kutwa waligombana.

"Kisima kichimbwe kwangu," alisema Tembo.

"Kwako kwa sababu gani?" Kifaru alimjibu. "Kwa sababu ya masikio?"

Siku moja Sange aliwakuta wakibishana, akaweka kibuyu chini.

"Wazee wangu, niwapimie mimi."

"Mtazameni," Tembo alicheka. "Pua kaiga yangu, sasa anataka na ukubwa."

Sange alichukua kijiti akachora nyumba zao mchangani: Tembo magharibi, Kifaru mbali mashariki, na Nyati kati yao, amesogea kidogo tu kaskazini. Ikawa pembetatu, lakini pembetatu iliyolala.

"Kila nyumba naitolea mstari mpaka nusu ya upande unaoitazama. Mistari mitatu inakutana hapa. Ndiyo katikati yenu, na wala si mbali."

Tembo akainama. "Hapo Nyati anatoka kitandani tu na kuteka. Sikubali."

"Basi nigawe kila pembe nusu kwa nusu. Mistari hiyo nayo inakutana mahali pamoja, na pale ni sawasawa kutoka njia zote tatu zinazounganisha nyumba zenu."

"Njia zina kiu?" aliuliza Kifaru. "Wenye kiu ni sisi. Na hapo pia ni kwa Nyati. Bibi huyu kahongwa."

Sange alifumba macho. Alikuwa amewapa mahali pawili pa karibu, kwa moyo mweupe. Kisha akakumbuka safari zake za kila siku: kwa Tembo kuomba moto, kwa Nyati kuomba chumvi, kwa Kifaru kusaga mtama. Kutoka mlangoni kwake hadi kwa yeyote kati yao, uchovu ulikuwa uleule. Miguu yake ilijua jambo ambalo wakubwa hawakulijua.

"Semeni wenyewe mnataka nini," alisema taratibu.

"Kamba moja," Tembo alisema. "Ikitoka kisimani ifike mlangoni kwangu, na kwa Nyati, na kwa Kifaru. Isipungue wala isizidi."

"Hata pakiwa mbali?"

"Mbali si neno, mradi na Kifaru aende mbali."

"Na Tembo pia," alisema Kifaru.

Nyati alikuna pembe. "Jamani, pale pa kwanza palikuwa pazuri."

"Wewe nyamaza, palikuwa kwako."

"Mnaapa mtachimba hapo, popote patakapoangukia?" Sange aliuliza. Wakaapa kwa watoto wao.

Basi akakunja kamba nusu kwa nusu kati ya Tembo na Nyati, akapigilia kigingi, ti, ti, ti. Kutoka hapo akanyoosha mstari wima, usioinamia kwa huyu wala kwa yule. Akafanya hivyo hivyo kati ya Nyati na Kifaru. Wakubwa wakafuata mistari, mmoja huku, wawili kule. Ikatoka nje ya pembetatu, ikashuka kusini, ikashuka tena, wakihema, mpaka ikakutana kwenye mawe. Hapo palikuwa na kijumba, na watoto wanne mlangoni.

"Huu mlango wa nani?" aliuliza Kifaru.

"Wangu, baba. Pimeni."

Walipima kwa Tembo. Walipima kwa Nyati. Walipima kwa Kifaru. Kamba ilikuwa ileile.

"Bi Sange, ulijua," alisema Tembo.

"Nilijua, mzee. Nilianza na pa karibu, mkapakataa."

Tembo alimtazama Kifaru, Kifaru akamtazama Tembo. Hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake hata unyayo. Wakachimba. Puu, puu, siku nzima, mpaka maji yakachuruzika.

Nyati ndiye aliyeteka ya kwanza. Hakunywa. Alikiinamisha kibuyu kinywani mwa Mashavu, polepole, asipaliwe. Mtoto akanywa, akanywa tena, kisha akaangua kilio kikubwa cha mtoto mzima wa afya, akidai zaidi.

Sange aliketi kwenye jiwe akakisikiliza kilio kile. Wakubwa walikuwa wakikokota miguu kurudi kwao, kila mmoja akihesabu hatua za mwenzake, na yeye alikuwa amekwisha sinzia.

Ndiyo hivyo, wanangu: ukishughulika sana mwenzako asipate nafuu, yako mwenyewe itakupita.