Bi Pimbi na Mbio za Kisima

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa wakilala kwenye nyumba zenye milango na kwenda sokoni kwa baiskeli, paliishi fundi cherehani mmoja jina lake Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, mnene kidogo, asiye na mkia wa kujivunia. Basi ndiye huyo. Nyumba yake ilikuwa juu ya jabali, na kutwa nzima alikuwa akikanyaga cherehani, kacha-kacha-kacha-kacha, akiwashonea wanyama wa nchi nzima suruali na magauni.

Shida yake ilikuwa moja tu: maji. Bwawa lilikuwa chini bondeni, na wakubwa ndio waliotangulia kunywa. Nyati akishaondoka, Ngiri anaingia kugaagaa. Ngiri akitoka, Bi Pimbi anakuta tope tupu. Analichuja kwa kitambaa, anapanda nalo jabalini akihema, na watoto wake wanachungulia ndoo na kuuliza, "Mama, haya ni maji au uji?"

Mwaka huo ukame ulizidi. Muhanga, mchimbaji hodari kuliko wote, akasema ana nguvu za kuchimba kisima kimoja tu kabla ya mvua.

Kimoja! Loo, zikaanza kelele! Kila mmoja alitaka kichimbwe mlangoni kwake. Mtemi Tembo alisikiliza mpaka masikio yakamchoka, kisha akanyoosha mkonga wake juu.

"Basi! Kwa maneno hatutaelewana. Siku ya soko tutakuwa na mbio za baiskeli. Mtaanzia sokoni, mtavuka mbuga yote, mtamalizia juu ya kilima changu. Simtaki bingwa wa kulipwa kutoka nchi za watu. Kila mtu aje na baiskeli yake ya kazini. Atakayekata utepe ndiye atakayesema kisima kichimbwe wapi."

Jioni ile Bi Pimbi alishusha baiskeli yake iliyokuwa imetundikwa ukutani na kuanza kuutia mnyororo mafuta. Mumewe alimtazama kwa mashaka.

"Mama watoto, unakwenda wapi na hilo gari lako?"

"Kwenye mbio."

"Mbio zipi? Hizi za kina Nyati? Yule anabeba madumu ya maziwa asubuhi na jioni, mapaja yake ni kama magogo! Na Mbuni je? Miguu yake tu imekuzidi wewe mzima!"

"Nimeiona, baba. Suruali zake si nashona mimi?"

"Sasa utamshindaje?"

Bi Pimbi aliweka chini kopo la mafuta. "Unakumbuka siku ile nilirudi kutoka sokoni upepo ukivuma kweli kweli? Nilikuwa siendi. Nakanyaga, nasimama palepale. Nyati akanipita na maziwa yake. Nikamfuata nyuma nimuulize kama suruali imemkaa vizuri kiunoni. Mara upepo, kimya! Kama nimeingia ndani na kufunga mlango. Nilikwenda naye mpaka njia panda, wala sikutoka jasho."

Mumewe akauliza, "Na akijua?"

"Akijua, nimekwisha," alisema Bi Pimbi, na moyoni aliogopa kweli.

Siku ya soko ikafika. Watu walijaa kando ya barabara, ngoma zinalia, kengele za baiskeli zinapigwa, ng'ririri! ng'ririri! Nyati alikuja na baiskeli yake nyeusi yenye keria pana ya chuma. Ngiri, mwashi, alikuja na yake iliyochafuka saruji. Mbuni alisimama katikati yao, shingo juu, akitazama mbali kama aliyekwisha shinda tayari. Walikuwepo na wengine wengi, lakini hao watatu ndio waliotajwa kuwa watashinda.

Bi Pimbi alipojipenyeza mstarini, Ngiri aliangua kicheko. "Ho ho ho! Shemeji, umekuja kutupima nguo?"

"Nimekuja kula vumbi lenu, shemeji," alijibu kwa unyenyekevu. "Nikale, nikawahadithie watoto."

"Litakutosha!" alinguruma Nyati.

Kule juu ya kilima chake, Mtemi Tembo akapuliza mkonga, na upepo ukaileta sauti mpaka sokoni. Paaaaa!

Wakaondoka! Vumbi likatimka. Walipotoka tu kwenye miti ya sokoni, upepo wa mbuga uliwapokea usoni. Vuuuuu! Baiskeli ndogondogo zikaanza kuyumba, na waendeshaji wakaachwa mmojammoja. Lakini Bi Pimbi alikuwa ameinama nyuma ya tairi la Nyati, karibu kabisa, macho yameganda kwenye ile keria ya chuma. Mbele yake palikuwa na mgongo mpana kama ukuta wa ghala. Upepo uliupiga mgongo ule, ukagawanyika huku na huku, na yeye katikati akatulia.

Msidhani kazi ile ilikuwa rahisi, wanangu. Ukimkaribia mno mwenzako, matairi yanagusana, na unakwenda chini, puu! Ukimwachia hatua mbili, upepo unakunyakua. Bi Pimbi hakupepesa macho. Aliushika usukani, hakuuachia hata kidogo.

Baada ya mwendo mrefu wakabaki wanne tu: Nyati, Ngiri, Mbuni na yeye. Ngiri aligeuka akamwona.

"He! Bado upo?"

"Nipo, shemeji."

"Basi pita mbele! Sisi tunapokezana hapa. Zamu yako!"

Hapo moyo wa Bi Pimbi ulipiga paa! Akipita mbele tu, upepo utampeperusha kama kipande cha kitambaa. Akainua sauti ili wote wasikie.

"Nipite mbele? Mimi? Shemeji, kile pale ni kijiji, na watu wamejipanga barabarani. Wakiona pimbi anaongoza na nyuma yake Bwana Nyati, watasemaje? Watasema Nyati kakokotwa na fundi cherehani! Mwaka mzima watasema. Mimi sitaki kumwaibisha mtu."

Nyati akakunja uso. "Asipite! Naongoza mimi!"

"Ongoza, bwana. Anayetazamwa ni wa mbele. Wa pili nani humkumbuka?"

Ngiri akasikia neno lile. Wa pili? Yeye, awe wa pili mbele ya kijiji cha wakwe zake? Akashika usukani kwa nguvu, akatoka kando na kuchupa mbele. Fyuuu! Nyati akamfukuza. Ngiri akaongeza, Nyati akaongeza. Wakakipita kijiji bega kwa bega, vifua wazi kwenye upepo, watu wakishangilia, "Ngiri! Ngiri! Nyati! Nyati!" Aliyekuwa nyuma yao hakuna aliyemwona. Na yeye huko nyuma alikuwa akinywa maji yake polepole kwenye kibuyu.

Walipokiacha kijiji nyuma, Ngiri alipiga yowe. "Aaa! Mguu! Msuli umekaza!" Akayumba mpaka pembeni, akateremka, akakaa kwenye majani akiusugua mguu wake. Wakabaki watatu.

Sasa Mbuni hakuwa mjinga. Tangu mwanzo alikuwa akigeuza ile shingo yake ndefu na kutazama nyuma. Aliona Nyati ametota jasho. Aliona Bi Pimbi hana hata tone kwenye paji la uso.

"Ewe Nyati!" aliita. "Unanyonywa! Huyu mwanamke amejikinga upepo kwako tangu sokoni!"

"Nini?"

"Nami nitafanya hivyohivyo. Nitamfuata yeye!" Mbuni akapunguza mwendo, akajibanza nyuma ya Bi Pimbi. Lakini jamani, nyuma ya pimbi kuna kivuli gani? Kilichokingika ni magoti tu. Shingo na kichwa vilibaki juu kama mlingoti, na upepo ukavikung'uta, vuuu, mpaka machozi yakamtoka.

Nyati akaacha kukanyaga. Baiskeli yake ikapunguza mwendo, ikapunguza, ikawa inakwenda kama ya mtoto anayejifunza.

"Pita," alisema. Sauti yake haikuwa na mchezo. "Nimekubeba vya kutosha. Pita mbele, au tusimame hapa mpaka jua lizame."

Kilima cha Mtemi kilikuwa kimekwisha onekana, lakini kati yao na kilima palikuwa na kipande cha mbuga kisicho na hata kichaka. Bi Pimbi alikitazama. Aliikumbuka ndoo ya tope na nyuso za wanawe. Akashusha mabega, akaanza kuhema kama mtu anayekata roho.

"Bwana Nyati, umenishika. Ni kweli. Na sasa nimekwisha, miguu haina kitu. Niacheni hapahapa." Akajifuta uso kwa kanga. "Ila mniambie kitu kimoja, ili niwahi kuwaeleza watoto njia ya kwenda kuchota. Kisima mtachimba wapi?"

"Kwenye zizi langu," alisema Nyati papo hapo. "Pengine wapi?"

"Zizini?" Mbuni akainua shingo. "Tunywe maji ya samadi? Kisima kitachimbwa uwandani, kwangu!"

"Uwandani kwenye mchanga? Utawanywesha vifaranga wako mchanga?"

"Usiwaguse wanangu, we mzoa samadi!"

"Nani mzoa samadi? Nani?"

"Wewe! Na utanusa vumbi langu!" Mbuni akasimama juu ya pedali, na miguu ile mirefu ikaanza kuzunguka kama mapanga ya mashine. Nyati akanguruma, akamfuata. Hasira haina hesabu. Hakuna aliyekumbuka upepo, na hakuna aliyegeuka kumtazama maiti waliyemwacha nyuma.

Maiti akafufuka! Akaruka na baiskeli yake, kacha-kacha-kacha-kacha, akaudaka ule mgongo kabla haujamtoka. Kwa mara ya kwanza siku ile kifua kilimwaka moto na macho yakaingia giza, maana wale wawili walikuwa wakikimbia kama nyumba zao zinaungua. Lakini hakuuachia.

Wakafika chini ya kilima. Na kilima, wanangu, hakibembelezwi. Nyati alikanyaga mara ya kwanza, mara ya pili, na uzito wote wa mwili wake ukaanza kumvuta nyuma. Mbuni aliyumba kushoto, akayumba kulia, akatoa ulimi nje.

Ndipo kengele ndogo ikalia nyuma yao. Ng'ri-ng'ri!

"Naomba njia, wazee wangu."

Wakageuka wote wawili. Bi Pimbi alipita katikati yao, ameinuka juu ya kiti, miguu mifupi inazunguka bila kupumzika, kacha-kacha-kacha-kacha, miguu ya mtu anayekanyaga cherehani tangu usichana. Nyati alijaribu kumfuata. Alitaka, lakini mapaja yalikataa. Akabaki akitazama kile kitu kidogo kikipanda, kikipanda, kikipinda kona, na kule juu ngoma zikarindima kwa kishindo.

Utepe ulikuwa umekatwa.

Nyati alipofika juu, alikwenda moja kwa moja kwa Mtemi huku akitweta. "Mtemi, sikubali! Amejificha mgongoni kwangu mbuga nzima!"

Mtemi Tembo akamtazama. "Alikushika mkia?"

"Hapana."

"Alifunga kamba kwenye baiskeli yako?"

"Hapana, Mtemi."

"Alikulazimisha uongoze?"

Nyati akafungua kinywa. Akakumbuka alivyonguruma, "Naongoza mimi!" Akakifunga. Watu walianza kucheka, kwanza pembeni, kisha uwanja mzima. Nyati alisimama katikati ya kicheko kile, masikio chini, na wengi wakaogopa atapandwa na hasira. Akamgeukia Bi Pimbi.

"Kule mbugani ulinidanganya, hilo nimelielewa," alisema taratibu. "Lakini pale kilimani hukuwa nyuma ya mtu. Ile miguu ilikuwa ya nani?"

"Yangu, bwana."

Nyati akatikisa kichwa, na polepole uso ukamkunjuka. "Mimi nimezaliwa na nguvu, nikadhani zinatosha. Wewe ulichukua zangu, ukachukua za Mbuni, ukaongeza na zako. Sijawahi kuona mwendeshaji kama wewe!" Akainamisha pembe zake mbele yake, na hapo hata Mbuni, aliyekuwa amelala chali kwenye majani, akapiga mabawa kushangilia.

"Haya, Bi Pimbi," alisema Mtemi. "Sema. Kichimbwe wapi?"

Watu wakasogea karibu. Wote walijua atasema nini: mlangoni kwake, juu ya jabali.

"Kichimbwe chini ya jabali, kando ya barabara," alisema Bi Pimbi. "Wanangu watateremka, na kina Nyati watafika bila kupanda. Ila asubuhi wadogo wachote kwanza, na Ngiri akaogee kwingine."

"Nimesikia!" alijibu Ngiri, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika huku anachechemea, akisukuma baiskeli yake.

Muhanga akachimba, maji yakatoka, baridi, meupe, na wadogo kwa wakubwa wakanywa. Hadithi nimeifikisha hapo, wanangu, nanyi ishikeni hivi: kukata upepo ni kazi ya kifua, kukata utepe ni kazi ya kichwa.