Mfinyanzi Aliyemzomea Mfalme

Katika mji mmoja wa Wagiriki wa kale, mji usio na mfalme, ambako wananchi waliamua mambo yao kwa kunyoosha mikono, aliishi mfinyanzi mmoja mzee. Siku ya sikukuu alikwenda uwanjani kutazama mchezo wa kuigiza. Mfalme wa kwenye mchezo aliambiwa na miungu amtoe mwanawe kafara ndipo ashinde vita, naye akamtoa. Mzee akalia mpaka ndevu zikalowa. Akasimama, akapiga kelele: "Muuaji! Damu yako mwenyewe hiyo!"

Mtu wa huruma kweli kweli, sivyo?

Wiki haijaisha, wananchi wakakutana. Je, wavuke bahari wakateke mashamba ya watu? Wenye mvi wangebaki nyumbani kusubiri mgawo wa ngano. Mzee wetu alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na alirudi nyumbani amechangamka.

Mkwewe, mke wa mwanawe, mja mzito, akamwuliza, "Baba, mmeamuaje?"

"Tunakwenda vitani, mwanangu."

"Mnakwenda akina nani?"

Mzee akakohoa. "Vijana."

"Na mume wangu alisemaje huko?"

"Alikataa. Lakini sisi tulikuwa wengi."

Mkwe akamkazia macho. "Yule mfalme uliyemzomea, Baba, angalau alilazimishwa na miungu. Wewe kakulazimisha nani?"

Mzee akaona amevunjiwa heshima. Akasusa chakula, akaenda kulala. Vijana wakavuka bahari, na mwanawe alirudi mifupa mitupu, ndani ya sanduku la mbao. Mji ukamzika kwa hotuba ndefu, na mjukuu akazaliwa yatima.

Ndugu zangu, mbona mmenyamaza? Mnamshangaa mzee wa watu? Sisi tunaolia msibani mpaka tunashikiliwa, si ndio tuliopiga makofi mkutanoni msitu wa chanzo cha maji ukatwe viwanja? Nani kati yetu atakuwa hai mto ukikauka? Tuliwauliza wanaonyonya leo? Tunampa kura aliyetugawia sukari, sukari inaisha kabla ya mwezi, na watoto wanabaki naye! Inaniuma, na siwezi kuificha hasira yangu hapa madhabahuni.

Kisha yakiharibika tunasema ni mapenzi ya Mungu. Acheni! Mungu hakukushika mkono akauinua. Uliuinua mwenyewe, na mtoto wako alikuwa anakutazama.