Bakuli la Kumwamkia Mgeni

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, nyie wa nyuma, au nikawasimulie kuku?

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, si zile za majitu, zile za baiskeli za kwanza, palikuwa na kijiji kilichoogopa kuitaja surua. Waliiita mgeni. Mtoto akitokwa na vipele, mama yake alipika uji, akaujaza kwenye bakuli kubwa la kijiji, na wanawake wakaleta watoto wao wanywe pamoja na mgonjwa, ili mgeni aheshimiwe, aende zake kwa amani. Weee! Kadiri alivyoheshimiwa, ndivyo alivyokaa.

Siku hiyo vipele vilimtoka mtoto wa Chausiku. Jirani yake, Mashavu, akambeba mgongoni mwanawe Subira, wa miezi tisa, mtoto wa pekee aliyempata baada ya kungoja miaka saba. Moyo ulisita, lakini angesemwaje asipokwenda? Akashika njia.

Ko! Ko! Ko! Fimbo ikamzuia. Alikuwa Bibi Somoe, mkunga mzee mwenye jicho moja, mkali kama pilipili kichaa.

"Wapi, Mashavu?"

"Shikamoo, bibi. Nakwenda kumwamkia mgeni."

"Marahaba. Mgeni gani? Ana jina huyo."

Mashavu akataka kumpita.

"Surua!" Bibi akapaza sauti. Wanawake waliokuwa wakipita wakaziba masikio. Jogoo akawika. Basi, hakuna jingine lililotokea.

"Jicho langu lilichukuliwa na surua nikiwa mdogo," Bibi akasema. "Nilipokua nikazaa, nami nikawapeleka wanangu wawili kwenye bakuli. Nikawazika wote, mwezi mmoja. Niliogopa majirani, Mashavu." "Surua husafiri kwa kikohozi, kwa pumzi. Rudi nyumbani. Kwa Chausiku nitakwenda mimi, maana surua iliyonipata hainipati tena."

Mashavu akarudi. Alisemwa, akasemwa mpaka kisimani. Na Bibi, ko, ko, ko, kila siku akampelekea Chausiku maji na uji, mpaka mtoto akapona.

Kisha siku moja, kring! kring! Muuguzi akaja kwa baiskeli, na sanduku la barafu nyuma.

"Sindano hii humfundisha mtoto kupigana na surua kabla haijafika," akasema.

Wanawake wakarudi nyuma. Mashavu akatangulia. Subira akalia, ngwaaa! Akapata homa kidogo, kesho yake akadai uji. Alipotimiza mwaka na nusu akachomwa tena. Wengine wakafuata, mmoja mmoja.

Masika yaliyofuata surua ikapita vijiji vya jirani. Pale kijijini ikabisha. Hodi! Hodi! Hodi! Hakuna mtoto aliyeitika.

Bibi Somoe alikufa moyo umetulia. Fimbo alimwachia Mashavu. Mama akichelewesha sindano ya mwanawe, alisikia njiani: ko! ko! ko!

Basi shikeni hili, wazazi: ugonjwa hautungojei tumalize kuuonea haya. Utajeni kwa jina, mkingeni mtoto mapema.

Na lile bakuli je? Kuku wa Mashavu alitamia humo. Hadithi yangu imelala hapo, msiiamshe.